Jina la Mang'ola ni la nani?

Mchuuzi wa vitunguu sokoni Arusha akitaka mteja asibishane naye bei, humwambia jambo moja tu: hivi ni vya Mang'ola. Sifa hiyo haikutengenezwa na kampuni wala tangazo la redio. Imejengwa na wakulima wa bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, wanaomwagilia mashamba kwa maji ya chemchemi katika nchi kavu, wakapakia magunia msimu baada ya msimu hadi jina la kwao likawa jina la ubora, hata kwa wanunuzi wa Kenya.

Kwenye intaneti jina la namna hiyo halina mwenyewe mpaka mtu alisajili. Atakayelikuta wazi, awe mkulima wa Eyasi au mlanguzi wa Hamburg, atalipa ada, na litakuwa lake maadamu anaendelea kulipa. Ndivyo majina ya kikoa yanavyopatikana karibu duniani kote, na kikoa chetu cha .tz, kilicho chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, nacho hufuata msingi huo wa anayewahi. Kuna sehemu zilizotengwa, kama go.tz kwa ofisi za serikali, ac.tz kwa vyuo, na hata hotel.tz, ambayo ingezifaa nyumba nyingi za wageni zilizopangana kando ya barabara ya Karatu kuelekea Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Nje ya hapo, ni mbio.

Foleni ina heshima yake. Haiulizi kabila wala mfuko. Lakini haki yake hutegemea wote wasikie kwa wakati mmoja kwamba dirisha limefunguliwa, na Mang'ola habari za vikoa vipya hazifiki siku zinapofika Hamburg.

Wasimamizi wa vikoa vipya wanajua kasoro hiyo, ndiyo maana hawafungui dirisha kwa wote siku moja. Huanza na kipindi cha kipaumbele. Kikoa cha .africa kilizuiwa kwa miaka kadhaa na mgogoro kati ya ICANN, ambayo ndiyo inayosimamia majina ya intaneti duniani, na taasisi ya DotConnectAfrica. Kilipoanza hatimaye mwaka 2017, wenye alama za biashara walipewa nafasi ya kwanza kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Juni. Wakafuata waliokuwa tayari kulipa zaidi ili wawahi. Umma wa Afrika ulifunguliwa mlango Julai.

Sasa mwenye alama ya biashara Karatu ni nani? Fikiria dereva aliyeanza kwa kuendesha magari ya watu, akajifunza Ngorongoro mpaka anajua faru yuko upande gani asubuhi, kisha akanunua gari lake na kuandika jina la kampuni mlangoni. Huyo amekwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, amesajili jina la biashara, ana leseni, analipa kodi. Anaamini jina lake limelindwa. Halijalindwa kwa namna anayodhani, kwa sababu alama ya biashara huombwa peke yake, kwa sheria yake ya mwaka 1986 na ada zake. Na rejista ya kimataifa ya alama za biashara iliyoanza mwaka 2013 kwa ajili ya vikoa vipya haipokei jina la biashara tupu. Kwa hiyo mtu aliyelitumikia jina hilo maisha yake yote huhesabiwa sawa na aliyelisikia jana.

Hapo ndipo penye dhuluma. Kipaumbele kilibuniwa kumlinda mwenye jina. Anayelindwa ni mwenye karatasi, na karatasi hupatikana na wajanja pia. Kikoa cha .eu kilipoanza kusajili Desemba 2005, kampuni moja ya Austria ilikuwa imejiandaa kwa kusajili huko Sweden alama 33, kila moja ikiwa neno la kawaida la Kijerumani lililokatwakatwa kwa alama ya &. Mojawapo ilikuwa neno linalomaanisha matairi, nayo ikasajiliwa eti kwa ajili ya mikanda ya usalama. Kanuni za usajili ziliruhusu alama ya & kuondolewa, na kampuni ikapata reifen.eu mbele ya kila muuza matairi wa Ujerumani. Ilibidi Mahakama ya Haki ya Ulaya, Juni 2010, iseme kwamba mwenendo wa aina hiyo unaweza kuhesabiwa kuwa nia mbaya.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja ya kweli: karatasi huhakikiwa kwa dakika chache, na msajili aliye mbali hawezi kumhoji kila mzee wa kijiji. Lakini Tanzania imekwisha kulijibu swali hilo kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 18, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati ya kimila ya pamoja juu ya ardhi wanamowinda na kuchimba mizizi. Hawakulazimika kwanza kuwa kampuni. Kuishi hapo na kuitumia ardhi kulikuwa na uzito. Sheria hiyo haijamaliza migogoro, na Ngorongoro, ambako tangu 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera na ubishi ungalipo, hakuna anayehitaji kuambiwa hivyo. Hata hivyo msingi umeshawekwa kwamba matumizi ya muda mrefu ni haki. Ulaya nayo, kwa makosa yake yote, iliweka awamu ya pili ya .eu Februari 2006, ikapokea hata majina ya biashara yasiyo na alama.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Katika raundi ya 2012 ya kuomba vikoa vipya, Argentina na Chile zilipinga kikoa cha .patagonia, na kampuni ya nguo iliyokiomba ikajitoa mwaka uliofuata. Brazil na Peru zilipinga .amazon kwa miaka. Mwaka 2019 ICANN ikaamua kuipa kampuni iliyokiomba. Raundi mpya ilipangwa kufunguliwa Aprili 2026, ada ikiwa dola 227,000 za Marekani. Jina la Arusha lina kinga, kwa sababu mikoa iko katika orodha ya kimataifa ya ISO, na anayeliomba lazima alete kibali cha serikali. Karatu na Ngorongoro ni wilaya. Hazimo katika orodha hiyo, na kuwa Urithi wa Dunia tangu 1979 hakuipi Ngorongoro kinga yoyote hapo.

Kwenye .tz, ambako maamuzi ni yetu, hakuna haja ya kusubiri ICANN. Majina ya vijiji, ya makabila na ya mazao kama kitunguu cha Mang'ola yangeweza kuzuiliwa kwanza, kisha kila ombi likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata kwa siku 60, ili wenye pingamizi waje na ushahidi wa matumizi: risiti za mnada, vitabu vya chama cha ushirika, neno la majirani. Halmashauri ya Karatu inaweza kuandika orodha yake mwezi huu na kuipeleka TCRA.