Bei ya Rahisi

Msomaji, mali ya kale ina tabia moja ya ajabu: thamani yake huongezeka huku nguvu zake zikipungua. Gari jipya hukubeba wewe. Gari la kale aghalabu hutaka kubebwa. Nataka tulitazame gari kuukuu linalosafirishwa mbali na mtu mwenye fedha kidogo, kwa kuwa ndani ya jambo hilo dogo limo swali kubwa: mtu akipunguziwa gharama, ile sehemu iliyopunguzwa imelipwa na nani?

Tuseme yuko mtu wa Malindi aliyerithi Peugeot 404. Usilidharau gari hilo. Aina hiyo ndiyo iliyoshinda mbio za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho wa ushindi huo magari yaliyofika mwisho wa mbio yalikuwa saba tu. Mrithi wetu atamani kulipeleka Nairobi, kwenye mashindano ya urembo wa magari yaliyoanza huko mwaka 1970. Safari ni ya kilomita 600 hivi. Reli haifiki Malindi. Kabla ya mwaka 1991 angalivuka Kilifi kwa feri. Leo liko daraja, na akisha kulivuka aweza kushika njia ya Mavueni na Kaloleni mpaka Mariakani, akaepukana na msongamano wa Mombasa. Kutoka hapo barabara yapita katika joto la Taru na Tsavo, ikipanda kutoka usawa wa bahari mpaka kimo cha zaidi ya mita 1,600. Kwa injini kikongwe huo ni mlima, hata kama macho hayauoni.

Fedha za kukodi lori maalumu la kubebea magari hana. Afanyeje?

Aweza kuliendesha mwenyewe, kama breki zake ni nzima: aondoke alfajiri, aende polepole, aipumzishe injini Voi na Mtito Andei, na usiku alale. Aweza pia kungoja. Malori huleta bidhaa Malindi kutoka bara, na mengine hurudi matupu. Mwenye lori apendaye kurudi na kitu kuliko kurudi na upepo hukubali ujira mdogo. Au aweza kumtafuta mwenziwe mwenye gari la kale, wakagawana gharama ya lori moja. Njia zote hizo ni rahisi, lakini hazikosi bei. Bei yake ni siku zilizopotea, subira, na kuondoka wakati apendao mwingine. Anayeilipa ni yeye mwenyewe, na akiba ya namna hiyo mimi naiheshimu.

Lakini iko njia nyingine. Mtu humshika dereva kwa maneno mpaka ujira unashuka chini ya haki, na dereva, ili asipate hasara, hupakia mzigo wa pili na kusafiri usiku kucha bila ya kufumba jicho. Mahali pa mikanda madhubuti ya kufungia magurudumu huwekwa kamba iliyochakaa, ikapitishwa juu ya bodi ambako hukwaruza rangi na kulegea. Vijana wa mtaani huitwa walisukume gari juu ya mbao mbili kwa ahadi ya chakula cha mchana. Gari lile lina uzito wa zaidi ya tani moja. Likiteleza nyuma, aliye nyuma yake hana pa kukimbilia. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hawakusema ni upishi wa nani.

Utaniambia kwamba wale vijana walikubali, hawakulazimishwa. Ni kweli, na hoja hii si ya kutupwa. Lakini jiulize kama walijua alilolijua mwenye gari. Yeye ajua kwamba breki ya mkono haishiki, je, aliwaambia? Kukubali kwa mtu asiyeambiwa hatari ni kukubali kitu kingine kabisa. Tena, hata dereva akiuuza usingizi wake kwa hiari, hawezi kuuza uhai wa abiria wa matatu ijayo nyuma yake karibu na Maungu. Hao hawakuwapo wakati wa mapatano.

Wako pia wasemao kwamba uangalifu ni anasa ya matajiri. Sikubaliani nao. Kabari nne za mti wa mwembe hazimshindi maskini. Kuondoa waya wa betri, kuacha petroli kidogo tu katika tangi, kuegemeza lori kwenye kilima ili mbao zisisimame sana, kukagua mafundo baada ya mwendo mfupi: hayo yataka muda kuliko fedha. Lakini nakiri kwamba muda nao hula. Hewa ya chumvi ya pwani yetu haina huruma kwa chuma, na angojaye miezi sita aweza kukuta kutu imetoboa sakafu. Hapo ndipo swali linapouma, na jibu langu ni kwamba chuma na kilike. Sakafu ya gari hupigwa kiraka. Mguu wa kijana haupigwi.

Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifika China, akapokewa kwa heshima kubwa na mfalme Yongle. Fikiri safari ile: mnyama mrefu kuliko nyumba, katika jahazi, kwa miezi. Tunalijua jina la mfalme. Waliomkatia majani, wakamnywesha maji na kumzuia asivunjike shingo wakati wa mawimbi, hatuwajui hata mmoja.

Mrithi wetu basi na aende kwa mwenye lori mchana, ayataje makosa yote ya gari lake, kisha waanze kupatana bei. Pengine bei itapanda kidogo. Pengine ataambiwa angoje mpaka wiki ijayo, na mashindano yatapita bila yake, na 404 itabaki chini ya mwembe, imefunikwa turubai, mpaka mwaka mwingine.