Kutoka "Watakuja" hadi "Tuwapinge": Unabii, Tendo na Historia katika Simulizi za Abagusii

Katika simulizi za Abagusii, Sakawa ndiye aliyeona kabla ya wengine. Inasimuliwa kwamba kabla ya ukoloni kufika aliwaonyesha watu, pale Getembe ambapo leo pana mji wa Kisii, mahali ambapo wageni weupe wangejenga. Simulizi hiyo inapotolewa leo Kebirigo, katika Nyamira ya mashamba ya majani chai, hutolewa kwa wakati uliopita: alisema, na ikawa. Kwa msimulizi wa leo unabii ni ushahidi tu. Kwa wale waliousikia kabla ya 1905 ulikuwa mzigo, na mzigo huo ndio unaozua swali la kimaadili: mtu aliyekwisha kuambiwa historia inaelekea wapi anadaiwa nini?

Hegel aliichukulia falsafa kuwa ni ufahamu unaofika jioni, kazi ya siku ikiwa imekwisha. Mnamo 1838 mwanafalsafa wa Poland, August Cieszkowski, aliukataa mpaka huo. Alidai kwamba hata wakati ujao unaweza kujulikana, tena kwa njia tatu: kwa hisia, ambayo ni njia ya manabii, kwa fikra, ambayo ni njia ya wanafalsafa wa historia, na kwa utashi, ambayo ni njia ya watendaji. Kwa maoni yake wakati ulikuwa umewadia wa nadharia kushuka na kuwa tendo. Marx aliandika jambo la jamii hiyohiyo mnamo 1845, kwa maneno machache na makali zaidi.

Mpango wa Cieszkowski unapendeza, lakini unaipita haraka hatua iliyo ngumu kuliko zote. Kiswahili kinasaidia kuiona hatua hiyo, ingawa unabii wenyewe ulitolewa kwa Ekegusii. "Watakuja" ni kauli ya -ta-, inaarifu. "Tuwapinge" ni kauli ya kiishio -e; inataka, inaagiza, inabebesha wajibu. Hakuna hoja inayoweza kuichukua kauli ya kwanza peke yake ikaizaa ya pili. Kutokana na "watakuja" mtu anaweza vilevile kusema "tuwapokee", au "tuwangoje waondoke". Nabii hakuchagua baina ya kauli hizo. Lazima pawe na mtu mwingine wa kuchagua, na huyo hawezi kujificha nyuma ya nabii.

Miongoni mwa Abagusii mtu huyo alikuwa mwanamke. Mwaka 1905 majeshi ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuivamia nchi, na mnamo 1907 kituo cha utawala kilijengwa Getembe. Moraa, mganga na mwonaji wa Kitutu, hakukubali kwamba kutabiriwa kwa jambo ni kuhalalishwa kwake. Aliwahimiza vijana wapigane, na mnamo Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa utawala. Ni rahisi kumsoma Moraa kama mhamasishaji tu, mpiga vigelegele wa vita vya wanaume. Usomaji huo ni finyu. Moraa ndiye aliyefanya kazi ya fikra katika mfuatano huu: aliipokea habari ya historia, akaihukumu, akaigeuza kuwa wajibu.

Northcote alipona. Vikosi vya King's African Rifles vikatumwa, vikachoma nyumba, vikateka ng'ombe na kuua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, akahoji kutoka London ulazima wa mauaji kiasi hicho. Hapa ndipo nadharia ya utashi inapozidiwa. Waliouawa hawakuwa wote wameshika mikuki, na wengi wao hawakuulizwa kama waafiki "tuwapinge". Je, Moraa ana deni kwao? Mhakiki anayejibu upesi, kwa ndiyo au kwa la, hajaikabili historia hiyo. Kuchoma nyumba ni dhambi ya aliyechoma. Hata hivyo anayewaongoza wengine kwenye tendo hawezi kudai kwamba hakujua moto upo, maana moto wa 1905 ulikuwa haujasahaulika.

Njia ya tatu, ya kungoja, nayo ilijaribiwa. Ibada ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde wa Alego mnamo 1913, ilienea hadi Gusii ikifundisha kwamba Wazungu watatoweka na kwamba mashamba yaachwe, kwani Mumbo angewaruzuku watu wake. Jina la Sakawa likaingizwa humo. Septemba 1914 Waingereza waliondoka Kisii kwa muda mbele ya Wajerumani, na unabii ukaonekana umetimia, mji ukaporwa. Waingereza waliporudi, waliadhibu. Inashangaza kwamba imani iliyoagiza kungoja ilifikia palepale pa adhabu, na baadaye baadhi ya viongozi wake walihamishwa hadi Lamu. Kwa hiyo hoja kwamba kutotenda ndiko kulikokuwa salama haina mashiko.

Ebrahim Hussein aliligusa suala hili katika Kinjeketile (1969), kwa kumwonyesha nabii ambaye neno lake linamponyoka na kuwa mali ya wapiganaji. Lakini tamthilia hiyo inaweka nabii na mwenye shaka katika kifua kimoja. Simulizi za Abagusii zinawatenganisha: Sakawa anasema, Moraa anaamua, Otenyo anarusha mkuki, na kila mmoja anabaki na sehemu yake ya lawama na ya heshima.

Sehemu ya Otenyo haijafungwa. Inasimuliwa kwamba alikatwa kichwa na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza, na watu wa ukoo wake wamekuwa wakikidai. Dai hilo halitumii -ta-. Wanasema: kirudishwe.