Kabla Hamjambeba Nyota Mabegani

Wanangu mlioko Marekani, nasikia mmeshachagua upande. Kuna mtu maarufu wa filamu anataka ugavana wa jimbo lenu, vyama viwili vikubwa havitaki vyote, nanyi mmekwisha kuvaa fulana zake. Siwakatazi. Vyama vikizoea kupokezana kiti, mwananchi hana pa kwenda na hasira zake. Ila someni kwanza habari za Minnesota, mwaka 1998.

Jesse Ventura alikuwa mwanamieleka wa televisheni, mtu wa kuingia ulingoni na manyoya ya rangi shingoni. Akacheza filamu ya Predator, kisha akawa mtangazaji wa redio. Akagombea ugavana kwa tiketi ya Reform Party, chama cha tajiri Ross Perot. Aliopambana nao walikuwa vigogo: Norm Coleman wa Republican, meya wa St. Paul, na Hubert Humphrey III wa Democratic, mwanasheria mkuu wa jimbo na mtoto wa aliyekuwa makamu wa rais. Ventura akapata asilimia 37, Coleman 34, Humphrey 28.

Mtaambiwa ni jina lililompa ushindi. Nusu ya kweli. Kwanza, alishakuwa meya wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, jambo ambalo wasimuliaji hulisahau kwa sababu halichekeshi. Pili, Minnesota humruhusu mtu kujiandikisha siku ile ile ya kupiga kura, kwa hiyo vijana wasiokuwamo daftarini walifika wakapiga. Tena jimbo hutoa ruzuku ya kampeni, na mdahaloni alisimama bega kwa bega na wakubwa.

Na nani aliifyeka njia hiyo? Dean Barkley, mwanasheria ambaye hakuna aliyechapisha sura yake kwenye fulana. Aligombea useneta mwaka 1994 na 1996, akashindwa kote, lakini kura zake zilivuka asilimia 5, na kwa sheria ya jimbo chama chake, ndicho hicho alichogombea nacho Ventura, kikahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa. Yeye huyo ndiye aliyeongoza kampeni ya Ventura. Linganisheni na Texas mwaka 2006: Kinky Friedman, mwanamuziki na mwandishi mcheshi, aligombea bila chama. Ilimlazimu kwanza kukusanya saini zaidi ya 45,000, tena za watu ambao hawakupiga kura za mchujo za vyama. Akamaliza wa nne. Howard Stern wa redio, kule New York mwaka 1994, hata siku ya kura hakuifikia. Alijitoa kwa kutotaka kutangaza mali zake.

Sasa njooni ndani ya ofisi, maana huko ndiko mnakonitia wasiwasi. Ventura alipoapishwa Januari 1999, Republican walishika Baraza la Wawakilishi, Democratic walishika Seneti, na chama chake hakikuwa na kiti hata kimoja. Alifanya mambo: alirudishia watu sehemu ya kodi zao, akapigania reli ya mjini Minneapolis mpaka ikajengwa. Lakini hoja yake ya kuwa na bunge la chumba kimoja iligonga mwamba, na mwaka 2002 wabunge waliungana wakaipindua kura yake ya turufu. Katikati ya hayo alichezesha pambano la mieleka kama mwamuzi, akatangaza mpira wa Kimarekani kwenye televisheni, na waandishi wa habari akawapa vitambulisho vinavyowaita mbweha. Hakugombea tena. Mgombea wa chama chake aliyefuata, Tim Penny, akashika nafasi ya tatu.

Kwa hiyo muulizeni mtu wenu maswali mawili. Nani wanagombea viti vya bunge la jimbo pamoja naye? Na chama kitabaki na nini akirudi kwenye filamu zake? Akiwatajia hata wagombea watatu, wasiojulikana mtaa wa pili, wapelekeeni hao nguvu zenu kwanza: gongeni milango, kusanyeni saini. Fulana endeleeni kuivaa, haiwazuii kutembea.