Taazia ya Kijana Aliye Chuoni, Mbali na Kwao

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Jueni, enyi ndugu Waislamu wa pwani, ya kuwa mwaka wa kwanza wa chuo ni mwaka wa ugeni. Kijana hutoka Omurushaka, pale njia ya Kayanga na njia ya Nkwenda na Murongo zikutanapo, akasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,000 hatta Morogoro au Dar es Salaam. Hana mjomba huko wala shangazi, wala hapana wa kusema naye Kinyambo. Kisha usiku mmoja simu ikalia: babake amefariki. Na sunna ni maiti aharakishiwe maziko. Kijana hajafika Kahama, na kaburi limekwisha kufukiwa.

Wenzake wa chumba wengi hapo humkwepa, maana hawajui la kusema. Wakanyamaza siku mbili, kisha wakarejea katika mizaha yao. Na mwengine wa pwani husema, huyu ni mtu wa bara, ana watu wake. Hayo ni maneno ya ujinga. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikaa Kafuro, katika Karagwe ya Mfalme Rumanyika, safari ya miezi kutoka makwao, na nchi ile ikawapokea. Leo mwana wa nchi ile ni mgeni wenu.

Na sharia haikumwacha mtu huyu bila njia. Madhehebu ya Imam Shafi imeruhusu kumsalia maiti aliye ghaibu. Dalili yake ni Najashi, mfalme wa Habasha. Alipokufa, Mtume (s.a.w.) aliwapa sahaba khabari siku ile ile, akatoka nao, wakapanga safu, akatoa takbira nne, na maiti yuko ng'ambo ya bahari. Wahanafi na Wamaliki hawakulikubali, nao wana hoja zao. Walakini aliyekosa kutia udongo mara tatu katika kaburi la babake, ni nani atakayemnyima sala hii? Wangoje tu hatta ijulikane ya kuwa maiti amekwisha koshwa. Kisha wenzake wasimame safu nyuma yake, wamtangulize yeye asalishe, kwa kuwa ndiye mwana.

Tena wamletee chakula. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamrisha jamaa zake wapikiwe, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Huko chuoni jirani ni yule alalaye kitanda cha juu. Asingoje kuombwa, alete uji, na akae mpaka unyweke.

Wala mtu asimwambie, jikaze, mwanamume halii. Mtume alilia mwanawe Ibrahim alipokufa, na alipoulizwa akajibu ya kuwa yale machozi ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kurarua nguo. Amwambiaye aliyefiwa asitoe chozi amemtaka jambo ambalo Mtume mwenyewe hakulifanya.

Mafakihi wetu wamechukia taazia baada ya siku tatu, ili huzuni isifufuliwe. Lakini huzuni ya mwanafunzi hurejea yenyewe siku ya kulipa ada, kwani aliyekuwa akiileta amelala Omurushaka. Hurejea matokeo ya mtihani yatokapo, naye hana wa kumpigia simu. Siku hizo rafiki hana haja ya maneno ya taazia. Amwamshe alfajiri, asome naye masomo yaliyompita, na akiona anataka kuacha chuo arudi kulima, aende naye kwa wakubwa wa chuo na wa msikiti ipate kutafutwa njia ya ada.

Na likizo ikifika, mwenye uwezo afuatane naye hatta kwao, azuru kaburi, na ampe mama pole mbele ya mwanawe. Asidhani amechelewa, mafakihi hao hao wamemtoa katika siku tatu yule aliyekuwa mbali, taazia yake ina wakati hatta atakapofika.

Wallahu aalam.