"Pasta, Kwani Wewe Pia Hucheza Gemu?"

Somo: Waamuzi 9:7-15, 1 Petro 5:1-4



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa kanisa letu alinivuta kando chini ya mwarobaini. Alikuwa amebeba laptopu ya mwanawe, ameifunga kwa leso kama mtu aliyebeba kitu cha hatari. Kijana mwenyewe, wa Fomu Tatu, alisimama langoni akipigapiga mchanga kwa kiatu.

"Pasta," mama akaniambia, "huyu mtoto usiku halali. Nimemkuta anacheza gemu ya wachawi. Mtu anarusha moto kwa mikono! Naomba ukiombee hiki kitu, na ikiwezekana tukivunje."

Nikaifungua. Ilikuwa Skyrim, gemu ya mwaka 2011. Unajichagulia uwe nani: askari, mwizi au mchawi. Kisha unazunguka nchi ya theluji, unapigana na majoka, na kila kijiji unachofika mtu anakupa shida yake uitatue. Niliyaeleza haya yote haraka mno. Mama akanitazama.

"Pasta, kwani wewe pia hucheza?"

Ndiyo, mama. Mimi pia hucheza. Ameniruhusu nisimulie habari hii bila jina, na mimi nimeona niandike jibu langu hapa mlisome wote, kwa sababu swali lake lilinifuata hadi nyumbani.

Nilianza chuoni, nikisoma biashara. Wenzangu walipokwenda kutazama mpira, mimi nilikuwa nikijenga dola. Katika Age of Empires II unaanza na wanavijiji wachache na kondoo, unakata kuni, unalima, unajenga soko, unajenga ngome, mwisho una jeshi. Yataka hesabu na subira, na mimi ni mtu wa hesabu. Nikiri pia kwamba gemu hizo zilinifungua macho. Kwa miaka mingi nilipita Gede nikienda Mombasa kama mtu anavyopita kituo cha matatu. Siku moja, baada ya kujenga mji wangu kwenye kompyuta, nikashuka niingie kwenye yale magofu. Nikajikuta nauliza: hawa watu maji walitoa wapi? Nani alilinda ukuta? Nikaviona visima vyao, nikasoma juu ya vyombo vya kaure vilivyofika hapo kutoka China. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mimi niliamshwa na gemu kabla ya UNESCO.

Kwa hiyo sitasema furaha ile ni ya shetani. Mungu hakutuumba tuwe mashine. Nabii Zekaria, sura ya 8, anapoueleza mji uliorejeshwa na Bwana, anataja watoto wakicheza katika njia zake. Mahali penye amani, watu hucheza.

Lakini je, uchawi? Hapa tuwe makini. Biblia inakataza uganga na kupiga ramli, na sisi wa huku Pwani hatuhitaji kuelezwa kwamba mambo hayo ni ya kweli na yanaharibu familia. Wazee wangapi Kilifi hii wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma yake kuna shamba linalogombaniwa? Hata hivyo, hadithi si tendo. Soma Waamuzi 9. Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kusimulia habari za miti inayoongea, miti inayotafuta mfalme. Hakuna mti uliowahi kuongea hivyo, na hakuna aliyemwita Yothamu mwongo. Alitumia jambo lisilokuwako kuwaonyesha jambo lililokuwako. Kama dhamiri yako inakusuta ukiona mchawi kwenye skrini, zima, wala usilazimishwe na mtu. Kama mwenzako inamsuta, usichezee mbele yake. Paulo anatosha hapo, 1 Wakorintho 8. Mimi sitavunja laptopu ya mtoto kwa sababu ya moto wa kuchora.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kweli, ambalo mama yule hakuniuliza.

Katika hadithi ya Yothamu, mzeituni unakataa ufalme kwa sababu una mafuta ya kutoa. Mtini una tunda lake, mzabibu una divai yake. Kila mti wenye kazi unakataa. Unaokubali ni mti wa miiba, usio na kitu cha kumpa mtu, na neno lake la kwanza ni amri na tishio la moto. Gemu hizi utamu wake mkubwa ni upi? Ni kutawala. Unawatazama watu kutoka juu, wadogo kama siafu. Ukimwambia mmoja nenda ufe, anakwenda.

Mwaka 2015 Age of Empires II iliongezewa sehemu ya falme za Afrika, na ndani yake mna hadithi ya Francisco de Almeida, Mreno. Wewe mchezaji ndiye unayemwongoza, kutoka Ureno hadi Bahari ya Hindi. Nilicheza upande wake nikapiga miji huku nikinywa chai. Almeida wa kweli ndiye aliyeipiga Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Mamangu kwao ni Mombasa. Sikuwaza hata kidogo mle ndani ya nyumba zile kulikuwa na nani. Nilikuwa nahesabu dhahabu.

Iko nyingine, Civilization VI, ya 2016. Humo unaweza kushinda kwa dini. Unakusanya pointi za imani, unanunua wamisionari na mitume, unawatuma. Dini yako ikishika zaidi ya nusu ya miji katika kila taifa, umeshinda. Usiku wa kwanza nilioshinda hivyo nilicheka kwa furaha. Halafu nikakumbuka kwamba wiki ile ile nilikuwa nimeandika ripoti ya robo mwaka ya kanisa: waliookoka wangapi, waliobatizwa wangapi, sadaka imepanda asilimia ngapi. Wapendwa, furaha ilikuwa ile ile. Kwenye ripoti yangu hakuna aliyelia, kama vile kwenye gemu hakuna anayelia.

Na sasa nikiri. Usiku mmoja mwaka jana, saa nne na nusu, simu yangu iliita nikiwa katikati ya vita. Ni dada mmoja wa Muyeye, mshirika wetu. Nikasema, zamu moja tu halafu nimpigie. Ikaita tena. Nikaigeuza simu uso chini. Zamu moja ikawa saa mbili. Asubuhi nikapata habari kwamba mtoto wake alikuwa na homa kali, na alikuwa akitafuta mtu mwenye gari. Jirani asiyeokoka aliwapeleka hospitali kwa bodaboda, mama nyuma na mtoto katikati. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Nilikwenda kuomba msamaha. Dada akasema, "Hakuna neno, Pasta, nilijua umelala." Ningependelea anitukane.

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika gemu, mtu mwenye shida husimama njiani na shida yake hadi utakapokuwa tayari. Ukienda kulala, dunia nzima inasimama ikusubiri. Muyeye haisubiri. Homa ya mtoto haisubiri. Kisha katika gemu kila wema unalipwa papo hapo, kwa dhahabu au kwa nguvu, ilhali Bwana wetu katika Luka 14 anatuambia tuwaalike wasioweza kutulipa. Ukizoea dunia ambayo iko kwa ajili yako, utaanza kuona kundi nalo liko kwa ajili yako.

Sisi wa Malindi hatuwezi kulizungumzia jambo hili kwa wepesi. Shakahola si mbali. Mwaka 2023 tulikaa mbele ya redio tukihesabu miili inayofukuliwa msituni, hadi ikazidi 400, na wengi walikuwa watoto. Gemu haikuhusika pale, wala sisemi hivyo. Nasema tu kwamba utamu wa kutiiwa bila kuulizwa ni mmoja, na tone lake ninalo mimi, msaidizi wa mchungaji mwenye laptopu. Petro anawaonya wazee wasijifanye mabwana wa kundi, bali wawe vielelezo. Hilo onyo liliandikwa kwa watu kama mimi. Na wewe baba mwenye nyumba, wewe mama mwenye duka na wafanyakazi wawili, una ufalme wako mdogo pia.

Kwa hiyo laptopu hatukuivunja. Tulikaa watatu, mama, kijana na mimi. Tukakubaliana itakaa sebuleni, na saa tatu usiku inazimwa. Jumamosi ijayo vijana tutakwenda Gede, na yeye ndiye atakayetuongoza na kuuliza maswali. Mimi nami nimejiwekea sheria: usiku simu iko mezani, uso juu, na ikiita naacha vita vyangu vichomeke.

Nilipomaliza, kijana akaniuliza, "Pasta, sasa ukicheza, huwa unachagua uwe nani?" Sikumjibu. Nimekuwa nikilifikiria swali hilo wiki nzima.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Ni nani asiyeweza kunikatalia, na ninamtendeaje?
2. Ni burudani gani inayonipumzisha, na ni ipi inayonifanya niigeuze simu uso chini?

Ombi la wiki: Bwana, tufundishe kucheza kama watoto na kuchunga kama wewe. Uondoe mti wa miiba mioyoni mwetu. Amina.