Protini Si Kafara ya Utamu

Katika nyumba za ghorofa zilizojengwa juu ya kilima cha Naguru, jijini Kampala, kitindamlo cha chokoleti siku hizi huiva kabla maji ya chai hayajachemka. Yai moja, vijiko viwili vya kakao isiyo na sukari, ndizi ndogo mbivu iliyopondwa, maziwa kidogo na kipimo cha unga wa protini huchanganywa ndani ya kikombe, kikombe kikatiwa kwenye maikrowevu, na baada ya dakika moja au moja na nusu keki imeumuka. Walaji wake ni wengi: aliyetoka mazoezini, mwanafunzi anayekesha, Muislamu aliyekwisha kufuturu, Mkristo anayejizuia kula nyama siku za Kwaresima. Kikombe chenyewe hakina utata wowote. Utata uko katika maneno yanayokisindikiza, kwa sababu keki hii husifiwa karibu kila mara kwa gramu zake za protini, kana kwamba utamu ni mshtakiwa na protini ni wakili wake. Hoja yangu ni kwamba utetezi huo hauhitajiki, tena una madhara. Raha iliyo halali haina haja ya kujificha nyuma ya faida, na haja ya kweli ya mwili haistahili kugeuzwa pazia la raha. Anayeyachanganya hayo mawili hupoteza shukrani upande mmoja na haki upande wa pili.

Chokoleti imewahi kushtakiwa mbele ya dini kabla ya leo. Ilipoingia Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16 ilikuwa kinywaji, na Wakatoliki wakaulizana kama anayeinywa siku ya kufunga amevunja funga yake. Mwaka 1636 Antonio de León Pinelo alichapisha mjini Madrid kitabu kizima juu ya swali hilo. Wenye msimamo mkali walisema kwamba kinywaji kinachoshibisha ni chakula kilichoyeyushwa. Wengine, akiwamo Kardinali Francesco Maria Brancaccio katika miaka ya 1660, walishikilia kwamba cha majimaji hakivunji funga, nao walikuwa na pa kuegemea, maana Thomas Aquinas alikwisha kufundisha katika karne ya 13 kwamba funga iliyowekwa na Kanisa huvunjwa na chakula, kinywaji hakiivunji. Tazama basi utetezi ulivyogeuka. Karibu miaka 400 iliyopita mpenda chokoleti aliokoka kwa kudai kwamba haimlishi, ni kinywaji tu. Leo anaokoka kwa kudai kwamba inamlisha kuliko mkate. Sababu mbili zinazopingana zikiwafikisha watu kwenye kikombe kilekile, tuna haki ya kushuku kwamba hakuna hata moja iliyokuwa sababu yenyewe. Kilichowavuta ni utamu, na utamu ndio ambao hawakuutaja.

Kusema hivi si kuikana protini. Ripoti ya pamoja ya WHO, FAO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007 iliweka kiwango salama cha mtu mzima kuwa gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 50 hivi kwa mwenye kilo 60. Yai lina gramu 6 hivi, na gramu 30 za unga wa protini ya maziwa huongeza 20 au zaidi, kwa hiyo kikombe kimoja chaweza kubeba nusu ya mahitaji ya siku. Lakini maharage, karanga, soya, mayai na dagaa wa mukene vyote viko sokoni Nakawa, chini ya kilima hichohicho, na mkazi wa Naguru anayevila kila siku huwa amekwisha kutimiza haja yake kabla hajafungua kopo la unga. Wala maikrowevu haistahili lawama inayobebeshwa na wanaokiita chakula chake mfu. Tangu Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alipogundua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya mitambo ya rada yanaweza kupika, kanuni yake haijabadilika: mawimbi huzitikisa molekuli za maji yaliyomo katika chakula, joto likapatikana, na protini ikaganda kama inavyoganda kikaangoni. Ukizidisha sekunde, keki hukauka na kuwa ngumu. Ndizi mbivu au mtindi huizuia isikauke. Hapo hakuna dhambi wala muujiza.

Pingamizi la pili, zito kuliko hilo la maikrowevu, linahusu haraka. Haraka haraka haina baraka, wasema Waswahili, na Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, aliuweka ulaji wa kabla ya wakati miongoni mwa njia tano ambazo ulafi humwingilia mtu. Buganda nayo ina luwombo, kuku au mchuzi wa karanga uliofungwa katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke saa nyingi. Masimulizi humtaja mpishi wa Kabaka (mfalme) Mwanga kuwa ndiye aliyeubuni mwaka 1887. Mwenye pingamizi atasema kwamba chakula kama hicho hufundisha subira na heshima, na kwamba kisichongojewa hakishukuriwi. Ninaikubali thamani ya luwombo, ila naona hukumu hiyo imeangukia mahali pasipo pake. Haraka aliyoionya Gregori ni ya tamaa isiyoweza kuisubiri saa yake, wala haihusu kasi ya moto. Mtu aweza kungoja luwombo nusu siku kisha akaushambulia kwa pupa, na mwingine akapika kwa dakika moja, akatulia, akashukuru. Zaidi ya hayo, yafaa tuulize ni nani anayengoja. Kaya nyingi sana nchini Uganda bado hupikia kuni na mkaa, na wanaokaa kwenye moshi huo kwa kawaida ni wanawake na wasichana. Anayeisifu subira ya jikoni mara nyingi ni yule anayeandaliwa. Muda uliookolewa ni amana, na hesabu yake itadaiwa katika matumizi yake, kwa kuwa saa iliyookolewa jikoni yaweza kwenda kwa mgonjwa, kwa kitabu, kwa sala, au ikapotea bure.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linatoka ndani ya dini. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, litasema, na anayekula kwa nia ya kupata nguvu za kumtumikia amekigeuza chakula kuwa ibada. Basi kuitaja protini ni kutaja nia njema. Imam al-Ghazali, katika kitabu cha adabu za kula kilichomo ndani ya utungo wake mkubwa, Ihya, anafundisha kweli kwamba mlaji anuie kupata nguvu za utii. Lakini haishii hapo. Anaiwekea nia hiyo alama za kuitambua: mwenye nayo hanyooshi mkono kabla ya kuona njaa, na huuondoa kabla ya kushiba. Nia haithibitishwi kwa kutamkwa, huthibitishwa kwa mpaka inaouweka. Tukikipima kikombe cha chokoleti kwa kipimo hicho, swali ni moja: kama ni nguvu tu tunayoitaka, je, yai la kuchemsha na sahani ya maharage visingetosha? Vingetosha. Kakao ilitiwa kwa ajili ya utamu wake, na ukweli huo haumwaibishi mtu. Muumba aliyeumba haja ndiye aliyeuumba ulimi unaotambua ladha, na kumshukuru kwa kimoja huku ukikificha kingine ni kumshukuru nusu. Kinachoaibisha ni kumtolea Mungu, au dhamiri, maelezo tunayojua kwamba si kamili.

Huenda msomaji akauliza kosa hilo dogo la maneno linamdhuru nani. Jibu liko kilomita chache kutoka Naguru, katika hospitali ya Mulago. Huko daktari Hugh Trowell na wenzake walichunguza kwashakoo, maradhi ya utapiamlo wa watoto, na matokeo yao yakatoka katika kitabu mwaka 1954; huko pia, tangu miaka ya 1960, kituo cha Mwanamugimu kimekuwa kikitibu watoto wenye utapiamlo na kuwafundisha mama zao kuchanganya vyakula vinavyopatikana nyumbani. Tatizo lilijulikana mapema: mtoto akiachishwa ziwa na kulishwa matoke, muhogo au viazi vitamu peke yake, tumbo hujaa na mwili ukakosa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 uliwakuta watoto asilimia 29 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 uliwakuta asilimia 26. Kupungua kupo, lakini bado ni zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila wanne. Kwa watoto hao yai ni haja ya kweli, ilhali kwa aliyekwisha kushiba gramu 20 za ziada ni nyongeza ya hiari.

Yupo atakayejibu kwamba keki yake haijamnyang'anya mtoto yeyote yai. Ni kweli, na simshtaki kwa wizi. Ninachosema ni kwamba lugha ya haja ikitumika kwa asiyehitaji, hupungua nguvu inapofika zamu ya anayehitaji. Mtu aliyezoea kuyaita matamanio yake mahitaji huona kwamba mahitaji yake hayajaisha, na sadaka kwake husubiri siku ambayo haifiki. Kinyume chake, anayeweza kusema wazi kwamba hiki nimekila kwa raha yangu amekiri kwamba haja yake imetimia, na kwamba anacho cha ziada. Kukiri huko ndiko kunakofungua mkono. Humkumbusha pia waliomfikishia raha hiyo, kwa mfano wakulima wa Bundibugyo chini ya milima ya Rwenzori, wanaovundika mbegu za kakao siku kadhaa na kuzianika juani, kisha nyingi zikasafirishwa ghafi kwenda kutengenezewa chokoleti ng'ambo. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Kitu kilichowahi kufikia thamani hiyo kinastahili kuitwa kwa jina lake.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni kwamba kitindamlo cha dakika moja ni halali, chema, na hakidai kafara. Kiliwe kwa kiasi, kiitwe kitamu, kigawiwe aliye karibu. Protini nayo ihesabiwe kwa uzito wote pale inapokosekana. Muislamu anayetoa Zakatul-fitri kwa nafaka aongeze juu yake sadaka ya maharage, karanga au mayai, na Mkristo apeleke huko alichookoa kwa funga ya Kwaresima. Gramu za protini zinazostahili kuhesabiwa kwanza ni za mtoto aliyepungukiwa.