Nani Alikuletea Mwanga?

Mwaka wa 2018, mafuta taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita, eti kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli. Sawa. Kwa asiye na stima, ujumbe ulikuwa mmoja: achana na koroboi. Mbadala uliokuwa karibu ni sola. Halafu Julai 2020, vifaa vya sola vikawekewa VAT ya asilimia 14. Mwaka mmoja baadaye, ikaondolewa.

Sisemi kodi ni dhambi. Bila kodi hakuna barabara wala dawa hospitalini. Na tuseme ukweli, msamaha huo unamfaa pia tajiri wa Nairobi anayetandaza paneli kwenye paa ili bili ishuke. Lakini bei ya sola ikipanda, yeye bado ana nguzo ya stima getini. Mama wa Turkana aliye mbali na nguzo hana pa kurudi, ila kwenye koroboi ileile iliyopandishwa bei. Taa yake anailipia kidogo kidogo kwa simu, asipolipa, inazimwa. Neno VAT halioni popote. Anachoona ni siku za kulipa zimeongezeka.

Sasa, serikali ambayo haijamfikishia mtu stima ina haki gani ya kumtoza kwa mwanga aliojitafutia? Kwangu mimi, haina. Imfikie kwanza, ndipo tuongee kodi. Kama hukumwashia mtu taa, angalau usimzimie yake.